Kila Amina Ilikata Redio

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kanisani, hata pale dukani kwa Wakenya, ananiuliza swali lile lile: "Eti ni kweli mlisikiliza redio kwa sufuria?" Ndiyo, ni kweli. Lakini nimechoka kusimulia vipande vipande, halafu kesho yake nasikia kwamba tulitua barabarani na mama mkwe ndiye aliyekuwa anarusha ndege. Kwa hiyo naandika mara moja tu, mambo yalivyokuwa. Atakayeongeza chumvi baada ya hapa, shauri yake.

Jikoni kwetu, Brooklyn Center, Minnesota

Nianze na watu, maana si wote mnatufahamu. Mke wangu ni Manka, Mchagga wa Machame. Mimi ni Mbondei wa Muheza. Nyumbani tunaelewana kwa Kiswahili, na binti yetu Imani anatujibu wote wawili kwa Kiingereza.

Manka anaimba kwaya. Alikuwa ameacha kwa miaka miwili, tangu baba yake alipofariki na yeye akashindwa kwenda kumzika, kwa mambo ya makaratasi ambayo wengi wenu mnayajua. Siku ya mazishi alikaa sebuleni anaangalia kwenye simu, picha inaganda, inarudi, inaganda tena. Baada ya hapo hakuimba hata bafuni. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha televisheni nisiyoiangalia.

Mwaka huu akarudi kwaya, na bahati ikaja juu ya bahati: kwaya ikaalikwa kuimba mbashara kwenye kipindi cha injili cha redio ya satelaiti, studio iko Saint Paul, Jumamosi saa tano asubuhi. Kipindi hakirudiwi, na studio hawaruhusu mtu kuingia na simu. Manka akapewa ubeti wa tatu aimbe peke yake.

Sasa hapa lazima niseme ukweli, hata kama unaniaibisha. Mimi nina rekodi mbaya. Mara ya kwanza Manka alipoimba peke yake nilikuwa zamu. Mara ya pili nilikuwa nazunguka natafuta parking. Mara ya tatu nilikuwepo, kiti cha mbele kabisa, nimelala. Kwa hiyo Jumatano ile alinisimamisha jikoni, kisu cha vitunguu mkononi, akaniambia, "Ubeti wa tatu nimeubadilisha. Sikwambii nimebadilisha nini. Ukiusikia, utaniambia mwenyewe."

"Na nisipousikia?"

"Nitaacha kukungoja," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, mdogo wake Upendo akajifungua kule Grand Forks, North Dakota, wiki tatu kabla ya siku zake. Mume wake alikuwa Texas na trela. Na mama mkwe, Mama Manka, alikuwa ametoka Machame mwezi mmoja kabla kwa kazi hiyo hiyo moja: kumlisha mzazi mtori. Ijumaa hakukaa kitini. "Mwanangu amezaa, anakula mikate ya hospitali, nanyi mmenikalisha hapa niangalie theluji gani?" Theluji ilikuwa imeshakwisha kitambo, lakini nani wa kubishana naye? Gari langu lilikuwa kwa fundi, giaboksi imekufa. Gari la Manka lilikuwa linabeba nusu ya kwaya.

Ndipo akatokea Kariuki. Kariuki ni Mkenya, nesi tunayefanya naye kazi hospitali moja, na ana robo ya ndege. Ndiyo, robo. Wamenunua watu wanne, ndege ya viti vinne, ya zamani kuliko mimi. "Bro, usistress," akaniambia. "Tunatoka saa moja asubuhi, saa nne tuko Grand Forks. Hiyo song unaisikilizia kwa nyumba, na chai mkononi."

Mngeniuliza kwa nini mama asiende na Kariuki peke yake, mimi nibaki. Jamani! Mama mkwe hatumwi kama kifurushi. Mkwe ndiye anayemfikisha na kumkabidhi. Ila namjua Kariuki na saa moja zake. Kwa hiyo usiku huo huo nikachomoa kwenye gari langu bovu ile redio ndogo ya satelaiti ninayosikilizia nikienda kazini, yenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na waya zake na antena yake, nikavitia kwenye begi. Angani simu haishiki mtandao, lakini satelaiti ziko huko huko juu. Nilijiona nina akili sana.

Hangarini

Saa moja ikawa saa mbili kasoro. Kosa halikuwa la Kariuki. Mama aliupika mtori alfajiri, sufuria kubwa ya chuma ya rangi ya bluu, akaifunga kwa khanga mbili, halafu akaifungua aonje chumvi, akaifunga tena. Imani alisimama mlangoni akasema, "Dad, Bibi's pot is bigger than the plane." Hakuwa anatania.

Kiwanja ni kile kidogo, cha ndege ndogo ndogo. Kariuki akaizunguka ndege yake akiigusa gusa, mimi nikaingia kiti cha mbele kulia na redio yangu. Waya wa umeme wa redio unaishia kwenye kile kichwa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Na dashibodi ya ndege ina tundu kama hilo hilo. "Chomeka tu," Kariuki akasema. "Simple."

Nilikuwa nimebakiza upana wa kidole nikasikia mtu anapiga kelele. Alikuwa mzee mmoja wa Kizungu, anaitwa Dale, fundi wa ndege aliyestaafu lakini bado anakuja hangarini kila siku kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nyumbani mkewe anamwona kama kabati lililowekwa njiani. Akaniuliza kama najua gari langu lina volti ngapi. Sijui. Kumi na mbili. Na ndege hii? Sijui. Ishirini na nne. "Ungeikaanga," akasema.

Mama mkwe akauliza mzee anasema nini. Nikamwambia anasema kitu kingeungua. "Hakijaungua," mama akasema, akifungua sufuria. "Nilikoroga mpaka mwisho."

Dale akaanza kutafuta adapta inayokubali volti zote mbili. Aliifungua droo moja, mbili, tano. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kile kimoja. Na mama, akiona mzee wa watu anainama na kuinuka kwa ajili yetu, hakuweza kuvumilia. Akatoa bakuli.

Hapa niwakumbushe jambo. Watu wa Minnesota wana adabu yao: ukiwapa chakula wanakataa mara mbili, ya tatu ndiyo wanapokea. Wachagga nao wana yao: hawaulizi, wanapakua. Kwa hiyo Dale alipofika kwenye "hapana asante" ya kwanza, bakuli lilikuwa limeshamfika mkononi, limejaa, na mama amesimama mbele yake anangoja aone anameza. Akameza. Akaketi juu ya boksi. Akala bakuli la kwanza, akaliangalia la pili likijazwa, halafu akauliza hivi viazi ni vya aina gani. Nikamwambia ni ndizi. Alisimama akachungulia ndani ya sufuria kama mtu aliyeambiwa kuna samaki.

Basi droo zikasimama mpaka bakuli lilipokwisha. Adapta ilipatikana, mkaidi huyo alikuwa mfukoni mwa koti la Dale mwenyewe. Tukachomeka. Kimya. Tundu lenyewe lilikuwa limekufa, fyuzi imekatika, huenda tangu mwenye ndege wa kwanza. Dale akabadilisha fyuzi. Taa ya redio ikawaka kijani, na mama akapiga kigelegele ndani ya hangari mpaka njiwa wakatoka darini.

Ikabaki kuiunganisha sauti. Waya mwingine unatoka kwenye redio unaingia kwenye kitundu kidogo cha ndege, na sauti inakuja kwenye hedifoni zetu wote, zile kubwa zenye maiki mdomoni. Dale akanieleza mambo mawili. La kwanza, antena lazima ione anga. La pili, mtu yeyote akiongea kwenye maiki, redio inajikata yenyewe ili rubani asikie, na watu wakinyamaza kidogo inarudi. Zamani kulikuwa na swichi ya kuzuia hilo, lakini imevunjika.

"Mtu yeyote?" nikauliza.

"Yeyote. Hata akipiga chafya."

Nikacheka. Sikumwangalia hata mama, nilikuwa naangalia saa. Saa tatu na dakika kumi.

Minneapolis mpaka Alexandria

Kupaa kulikuwa kuzuri. Mji wote ulilala chini yetu, maziwa yanang'aa, na mama akatamka Baba Yetu yote mpaka mwisho kwa sauti ya kanisani. Yuko kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, sufuria mapajani.

Antena ile ni kama kifungo cha koti, na chini ina sumaku. Niliiweka juu ya dashibodi. Sauti ikaja vizuri, muziki wa injili, nikatabasamu. Kariuki hakutabasamu. "Msee, toa hiyo kitu. Compass inaniambia tunaenda Chicago." Kweli, dira ilikuwa imegeuka yote kuifuata ile sumaku. Nikaitoa. Nikaijaribu dirishani kwangu, bawa likaifunika. Nikaishika kwa mkono juu ya kichwa, mkono ukafa ganzi. Mama akaniangalia akanionea huruma. "Lete hapa, baba," akasema, akanipokonya, akaibandika juu ya kifuniko cha sufuria. Tap! Sumaku ikashika chuma, sufuria iko dirishani, dirisha linaona mbingu nzima. Redio ikalia safi kuliko hata garini kwangu. Hivyo ndivyo sufuria ya mtori ilivyogeuka mnara, na anayesema wazo lilikuwa langu amuulize mama mkwe.

Kipindi chenyewe kilikuwa kimeshaanza, mhubiri anaongea, kwaya inakuja saa tano. Mama Kiingereza chake ni cha kuokoteza, lakini jina la Yesu analijua kwa lugha yoyote. Mhubiri akasema sentensi ya kwanza. Mama akaitika, "Amina!"

Redio ikakata.

Ikarudi baada ya kitambo, mhubiri yuko katikati ya jambo jingine kabisa. Akataja Bwana. "Amina!" Ikakata. Ikarudi. "Amina, baba, sema!" Ikakata. Hata mtu wa mnara wa kuongozea ndege alipompa Kariuki maelekezo, mama alimjibu, "Asante sana, mwanangu, na wewe pia."

"Hii redio yenu mbovu," mama akasema. "Ile yangu ya mbao ya Machame haifanyi hivi."

Nilimwangalia Kariuki, naye akaniangalia, akaangalia mbele haraka kama mtu aliyeona ajali barabarani. Sote wawili tulikuwa tumeelewa. Redio ilikuwa nzima, na antena ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinakata redio ni mama mkwe wangu, na mama mkwe haambiwi anyamaze. Unaweza kumwambia Rais. Unaweza kumwambia bosi wako, ukatafuta kazi nyingine. Mama aliyekuzalia mke humwambii.

Nikajaribu kwa kuzunguka. "Mama, umeamka alfajiri. Pumzika kidogo, tutakuamsha."

"Sijachoka, baba." Na akaanza kumsimulia Kariuki habari za mifereji ya maji ya Machame.

Alexandria

Tulitua Alexandria, mji mdogo wa Minnesota katikati ya safari, kwa sababu mama aliomba msalani, na mtu mzima akiomba msalani hakuna mjadala. Saa nne na dakika tano. Ni kiwanja kidogo chenye chumba kimoja, kahawa, na mama mmoja wa Kizungu nyuma ya meza. Sasa viwanja vidogo vya huku vina desturi nzuri: wana gari bovu bovu la kuwaazima marubani waende mjini kula. Yule mama, kwa ukarimu wake, akamnyooshea Kariuki ufunguo.

Mama mkwe alitoka msalani akauona ule ufunguo. "Wa nini?"

"Wa gari, mum," Kariuki akasema. "Wanatupea tu."

Kosa. Kosa kubwa. "Ametupa gari!" mama akasema, akashika kichwa. "Mtu hatujui hata jina, ametupa gari!" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshamkumbatia, amembariki yeye na uzao wake, amefungua begi na kutoa kitenge cha pea nzima, kilichokuwa cha Upendo, akamfunga nacho kiunoni. Yule mama wa watu akawa mwekundu. Kwa adabu yake, hakuweza kupokea zawadi bila kurudisha, akaingia ndani akatoka na pai nzima ya tufaha. Mama naye hakuweza kupokea pai mikono mitupu, akatafuta bakuli. Nikaona mtori unapungua tena na dakika zinapungua nao.

Nikatumia nafasi hiyo. Nilijikaza nikasema, nikiangalia ukutani, "Mama, yule fundi alinieleza. Mtu akiongea humo ndani, redio inakatika."

Akatafakari. "Kumbe! Basi mwambie huyo Kariuki apunguze maneno."

Kariuki alikuwa dirishani hana habari na sisi. Anaangalia magharibi, ambako wingu jeusi lilikuwa limesimama. "Wasee, listen," akasema. "Tukitoka sasa hivi, tunalipita. Tukingoja, tunalala hapa."

Saa nne na dakika ishirini na tano. Chini pale simu yangu ilikuwa na mtandao wote. Ningekaa kwenye kochi lile na pai, nikamsikia mke wangu neno kwa neno, hakuna maiki, hakuna Amina ya kukata kitu. Nilifungua mdomo niseme tungoje. Mama akaninyooshea simu yake. Ujumbe wa Upendo: Mama mko wapi, maziwa hayatoki, nimelia tangu asubuhi.

Nikafunga mdomo. Nikambebea sufuria mpaka kwenye ndege.

Saa tano kamili, juu ya mashamba

Huko juu ni mashamba matupu, mraba kwa mraba, huoni mwisho. Saa tano kasoro dakika mbili mhubiri akaitambulisha kwaya. Nilimsikia anataja Brooklyn Center, halafu:

"Ndio hao! Ndio hao!" Mama. Kata.

Ikarudi wako kwenye kiitikio. "Huyo wa juu ni Manka! Mnamsikia? Huyo mwanangu huyo!" Kata.

Ubeti wa kwanza ulikwisha bila mimi kusikia maneno matatu yaliyofuatana. Nikageuka. Maiki ya mama imeunganishwa kwa waya unaoingia kwenye tundu pembeni mwa kiti chake, hapo hapo ubavuni mwa goti. Kuuchomoa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikaangalia waya. Waya unapita chini ya khanga ya mama mkwe. Nikamwonyesha Kariuki kwa macho.

"Zii," akasema. "Huyo ni mother-in-law wako, si wangu. Mimi nadrive." Na hilo nalo likakata redio.

Je, ningemwambia Manka nini? Kwamba nilikuwa na waya karibu yangu nikashindwa? Au kwamba nilimpapasa mama yake magotini, futi elfu tano juu ya mashamba ya watu? Nilikunja mikono. Jamani, nililia. Sioni aibu kusema, machozi yalinitoka, na nikaangalia nje ili Kariuki asiyaone.

Ubeti wa pili. Mama anamsimulia Kariuki jinsi Manka alivyoanza kuimba akiwa wa miaka mitano, akimenya ndizi. Kiitikio. Mama bado. Nikahesabu kichwani, sasa wanamaliza, sasa kinanda kinapanda, sasa ni yeye.

"Na baba yake," mama akasema, "alikuwa kila asubuhi anakaa pale mlangoni..." Akavuta pumzi.

Redio ikarudi.

Ilikuwa sauti ya Manka, peke yake, kinanda kimenyamaza kabisa. Na mama hakuimalizia ile sentensi.

Niliisikia yote. Kila neno, mpaka alipovuta pumzi, mpaka sauti ilipotaka kukatika akaishika. Na sikuelewa hata neno moja, maana kilikuwa Kichagga kitupu. Niligeuka taratibu. Mama alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya sufuria, huku na huku ya ile antena, kama mtu anayeota moto. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Machozi yanashuka mpaka kwenye maiki.

Kwaya ikamalizia, watu wa studio wakapiga makofi, mhubiri akauliza, "Amen?" akangoja. Ndani ya ndege hakuna aliyejibu. Redio ikaendelea kulia bila kukata, matangazo, wimbo mwingine, habari za hali ya hewa. Kariuki akagonga gonga hedifoni yake. "Mum, uko sawa huko nyuma? Au waya imetoka?"

Mama akatikisa kichwa tu. Hakusema neno mpaka magurudumu yalipogusa chini.

Grand Forks

Simu iliita kabla sijafungua mkanda.

"Umenisikia?" Hakusalimia hata.

"Nimekusikia."

"Ubeti wa tatu. Nimebadilisha nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nasema ukweli, nilikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni, wa kumshukuru Mungu na kadhalika. Ukakataa kutoka. "Sijui, Manka," nikasema. "Ilikuwa Kichagga. Lakini mama alinyamaza."

"Alinyamaza?"

"Kabisa. Tangu ulipoanza mpaka tunatua. Kariuki alidhani waya umechomoka."

Nikamsikia anakaa chini mahali, sijui ngazi au kiti. Halafu analia, halafu anacheka ndani ya kilio. "Tangu baba afariki," akasema, "mama hajawahi kunyamaza. Hata siku moja."

"Najua," nikasema. "Leo nimeelewa."

Tulimkuta Upendo kwake, macho mekundu, katoto kadogo kifuani. Nikamkabidhi mama na sufuria, kama inavyotakiwa. Mtori ulikuwa umebaki robo, na kifuniko kilikuwa bado na antena, maana hakuna aliyekumbuka kuitoa. Mama akaupasha moto nayo hivyo hivyo, akamlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, na alipofika bakuli la pili ndipo akaniambia bila kunitazama.

"Baba yake alikuwa anamuaga Manka hivyo kila akienda shule ya bweni. Anakaa mlangoni anamwambia, nenda, mwanangu, mimi nipo hapa hapa." Akafuta mdomo wa Upendo kwa ncha ya khanga. "Leo amemrudishia. Amesema, nenda, baba, sisi tupo."

Upendo akaacha kutafuna. Mimi nikaenda kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Kurudi

Mama alibaki kule mpaka mtoto atimize arobaini. Sisi wawili tulipaa kesho yake, wingu limepita, anga nyeupe. Antena niliishika kwa mkono, mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Redio ililia toka Grand Forks mpaka karibu na mji bila kukata hata mara moja. Ilikuwa Jumapili, ibada nzima, mahubiri ya saa nzima, sentensi baada ya sentensi, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Nilikuwa nimeitamani hali hiyo njia nzima ya kwenda.

Tulipoanza kuyaona maziwa ya Minneapolis, Kariuki akasema, "Imetulia sana, bana."

"Sana," nikasema.

Mhubiri alikuwa anaongea juu ya nyumbani. Nikaweka mdomo karibu na maiki, nikasema kwa nguvu, "Amina!" Redio ikakata. Kariuki akaniangalia, akacheka, naye akaitika ya kwake, na tukaendelea hivyo, Amina juu ya Amina, bila kusikia neno jingine la mhubiri mpaka tulipotua, na Manka alikuwa amesimama pale kwenye uzio anatungoja.